Nyumba ya vyumba vya kupangisha: dalili, chanzo na tiba, kuanzia LUKU hadi kodi isiyolipwa

Ugomvi mwingi wa uani huanzia kwenye namba ambayo hakuna aliyeisoma. Mama wa chumba cha mbele anasema wa nyuma anapikia umeme. Wa nyuma anasema friji ya wa mbele ni mbovu. Mwenye nyumba anafika Jumapili, anagawa hela sawa kwa sawa, na kila mmoja anarudi ndani na kinyongo chake. Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba ya vyumba vitano hadi kumi, au vijumba vitatu vinne ndani ya uzio mmoja, Dar es Salaam au mji mwingine wa Tanzania, ambako mita moja ya LUKU (umeme wa kulipia kabla), mita moja ya maji na shimo moja la choo vinahudumia watu wote. Chini ya kila dalili, chanzo kinachokutwa mara nyingi kimetangulia, cha nadra kiko mwisho.

Uwe na daftari, tochi, chupa ya nusu lita, fimbo ndefu ya mita tatu na simu ya kupigia picha. Kila tarehe 1 piga picha mita zote, namba zisomeke. Bila picha hizo nusu ya vipimo vilivyo hapa chini havifanyiki.

Dalili ya 1: Yuniti zinaisha haraka, wapangaji wanarushiana maneno

Mnachanga 20,000, zamani ilikaa wiki mbili, sasa haifiki siku sita. Kabla ya kumgusa mtu au waya, soma ujumbe wa manunuzi ya umeme mstari kwa mstari.

*Kundi la bei.* Hiki si kibovu, ila ndicho chanzo cha malalamiko mengi kuliko vyote. Mteja wa matumizi madogo, kundi la D1, hununua hadi yuniti 75 kwa mwezi kwa shilingi 100 kila moja, na ukiweka VAT na tozo inafika 122. Nyumba ya wapangaji sita haiwezi kubaki humo. Huwa kwenye T1, kundi la matumizi ya kawaida, shilingi 292, na baada ya makato yuniti moja inakaribia 356. Ndiyo maana 10,000 inaleta yuniti 28 tu. Mpangaji aliyetoka kwenye kijumba chenye mita yake ya D1 atakwambia umeme wenu una wizi. Mwonyeshe ujumbe, mpige naye hesabu. Dawa pekee ya kudumu ni kuomba mita ya pekee kwa kila sehemu inayojitegemea. Hapo kila familia inabeba mzigo wake, na wenye matumizi madogo wanaweza kuangukia kwenye bei nafuu.

*Kodi ya jengo.* Inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi: tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa nyumba ya kawaida, na 7,500 kwa kila sakafu ya nyumba ya ghorofa. Nyumba ikikaa miezi mitatu bila kununua umeme, deni linasubiri: atakayenunua wa kwanza anakatwa 4,500 kwa mpigo na kudhani mita imeharibika. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Irudishe, au ipunguze kwenye kodi ya chumba, na uiandike kwenye mkataba. Kugombana na mpangaji kwa 1,500 ni kujitafutia chumba kitupu.

*Vifaa vya joto.* Vitu vya kuwaka na kuzunguka havimalizi umeme, vya kupasha ndivyo vinavyomaliza. Feni ya wati 60 ikizunguka saa kumi inakula yuniti 0.6. Jiko la koili la wati 1,500 likichemsha maharage saa tatu bila kupunguzwa linakula yuniti 4.5, yaani kama shilingi 1,600 kwa sufuria moja. Hita ya kuogea ya wati 4,500, dakika kumi, ni yuniti 0.75, na watu wanne wakioga asubuhi na jioni ni yuniti sita kwa siku. Huhitaji kumpeleleza mtu. Kaeni uani, kila mmoja ataje vifaa vyake na saa anazotumia, andikeni wati zilizochapwa kwenye kibandiko, zidisheni kwa saa, gawanyeni kwa 1,000, mtapata yuniti.

*Mita ndogo inayodanganya.* Kama kila chumba kina mita ndogo ya ndani, jumlisha matumizi ya mita hizo kwa wiki na ulinganishe na LUKU. Tofauti ya asilimia chache ni kawaida, na ongeza taa za nje na pampu ambazo hazipiti kwenye mita ya mtu. Ikizidi hapo, pima mita moja moja. Usoni mwake pameandikwa namba kama 1600 imp/kWh, maana yake taa nyekundu inapepesa mara 1,600 kwa yuniti moja. Zima kila kitu chumbani, washa jagi la umeme la wati 2,000 peke yake, hesabu mipepeso kwa dakika moja. Sahihi ni 53 hivi. Majagi yanatofautiana kidogo, kwa hiyo kati ya 48 na 58 usihangaike. Ikifika 70 mpangaji anaibiwa, ikiwa 30 unaibiwa wewe. Ibadilishe, na usimwache fundi "aiseti".

*Umeme unaovuja au unaovutwa.* Zima na chomoa kila kitu nyumba nzima, meni swichi ikiwa imewashwa. Taa ya mita isipepese kwa dakika tano. Ikiendelea, shusha breka moja moja: ile itakayosimamisha mpepeso ndiyo yenye njia mbovu. Mara nyingi ni waya wa taa ya nje uliolowa, hita iliyopasuka ndani, au waya uliovutwa kupitia darini kwenda kwenye kibanda cha jirani.

Simama hapo, usifungue kitu, ukiona lolote kati ya haya: bomba au sinki linatekenya mtu akigusa, bati au nondo ya dirisha ina mshtuko, soketi ina moto au harufu ya plastiki iliyoungua, breka inaruka kila ukiipandisha, au mita inapepesa meni swichi ikiwa imezimwa. La mwisho, pamoja na sili iliyokatwa, ni la TANESCO, shirika la umeme, peke yao, na anayeigusa sili atabeba lawama hata kama hakuiba. Mengine ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, wadhibiti wa nishati na maji. Mwambie apime athi (waya wa kwenda ardhini) na aweke breka ya RCD, inayokata umeme unapovuja, ya miliampia 30, hasa kama kuna hita za kuogea. Kubadilisha breka ya ampia 20 kwa ya 32 "ili isiruke" ni kuuhamishia moto kwenye waya.

Dalili ya 2: Bili ya maji imeruka

Yuniti moja ya maji ni lita 1,000. Kadiria kwanza: kwa nyumba ya kuogea ndoo, mtu mmoja weka lita 50 kwa siku. Watu 12 ni lita 600 kwa siku, yuniti 18 kwa mwezi. Bili ikionyesha 20 au 22 hakuna tatizo, kuna wageni. Ikionyesha 40, endelea.

Hatua ya kwanza haihitaji fundi. Linganisha namba ya mita iliyo kwenye bili na iliyo kwenye mita yako leo. Kama ya kwenye bili ni kubwa kuliko ya mita, imekisiwa au imesomwa vibaya. Nenda na picha yako yenye tarehe kwenye ofisi ya mamlaka ya maji, malalamiko ya namna hiyo hayana ubishi.

Namba zikilingana, pima usiku. Saa nne usiku, watu wakiwa wamemaliza kuoga, funga koki inayoingiza maji kwenye tangi, kisha piga picha mita. Saa kumi na moja alfajiri piga tena. Wengi husahau koki ya tangi: maji ya mgao huja kwa nguvu usiku, tangi linajaa, mita inazunguka kihalali, na mtu anaanza kuchimba uani akitafuta mvujo usiokuwepo.

Mita ikiwa imetembea na koki ya tangi imefungwa, mvujo uko kati ya mita na tangi, chini ya ardhi au kwenye bomba la nje. Tembea juu ya njia ya bomba ukitafuta udongo uliolowa, majani mabichi kuliko mengine, au siafu waliohamia mahali pamoja. Mara nyingi ni kiungo kilichopasuka pale gari linapopita, kwa sababu bomba lilifukiwa sentimita kumi na tano tu. Libadilishwe na lishushwe sentimita 45 au zaidi. Mita ikiwa imesimama, maji yanapotelea baada ya tangi, na washukiwa ni hawa:

1. Flashi ya choo inayovuja kimyakimya. Tia rangi ya chakula kwenye tangi la flashi, usiflashi kwa dakika 15. Rangi ikionekana bakulini, mpira wa chini umechoka. Mpira huo ni wa bei ndogo na hubadilishwa bila kung'oa choo.
2. Boya la tangi kubwa. Likikwama, maji hutoka kwenye bomba la kumwagia ziada usiku kucha na hakuna anayeona kwa sababu yanaishia nyuma ya nyumba. Panda mchana tangi likijaa, inua boya kwa mkono: maji yasipokata kabisa, badilisha.
3. Koki ya uani inayodondoka. Kinga chupa ya nusu lita. Ikijaa kwa dakika tano ni lita 6 kwa saa, lita 144 kwa siku, yuniti 4.3 kwa mwezi. Watu huliita tone.
4. Mtu anauza maji. Hutokea, hasa mgao unapobana. Tangi likishuka mchana wa Jumatano wakati wapangaji wote wako kazini, una jibu.

Mita pia huzunguka kwa upepo maji yanaporudi baada ya mgao mrefu: inasikika ikilia kama filimbi. Huwezi kurudishiwa kwa upepo bila ushahidi, ila unaweza kufunga koki kuu maji yakikatika na kuifungua taratibu yakirudi.

Dalili ya 3: Shimo la choo linajaa kila baada ya muda mfupi

Hapa ndipo hela nyingi hupotea, maana wengi huita gari la kunyonya kila linapojaa bila kujiuliza kwa nini. Rudi kwenye hesabu ya maji. Watu 12 kwa lita 50 ni lita 600 kwa siku. Kama hakuna kinachonywea ardhini, gari la lita 5,000 linaondoa maji ya siku nane tu. Kwa hiyo shimo linalokaa miezi miwili linanywea kiasi, na swali ni kwa nini halinywei kama zamani.

Chanzo cha kwanza ni maji ya kuogea na kufulia kuingizwa kwenye shimo la kinyesi. Fundi alikata gharama, akaunganisha kila kitu kwenye bomba moja. Fungua chemba, mwambie mtu amwage ndoo bafuni, uone maji yanapita wapi. Dawa ni kuyatenga: maji ya kuogea yapite kwenye chemba ndogo ya kuzuia sabuni na mafuta, halafu yaende kwenye shimo lake la kunyonya, yaani la kunyweshea maji ardhini, lililojazwa mawe. Kazi hiyo pekee huweza kuongeza muda wa kujaa mara mbili au zaidi, kwa sababu maji ya kuoga na kufua ni mengi kuliko ya choo.

Cha pili ni shimo la kunyonya lililoziba. Mafuta ya mama ntilie anayeosha masufuria kwenye sinki la uani, sabuni ya unga na tope jembamba hutengeneza utando kwenye kuta za shimo, na udongo hauoni maji tena. Dalili yake: shimo la kwanza lenye kinyesi limejaa na la pili limejaa maji meusi yasiyoshuka hata usiku. Kuita gari kunasaidia siku chache tu. Chimba shimo jipya la kunyonya mbali na la zamani, na umwekee mama ntilie chemba ya mafuta. Ni rahisi kuliko kumfukuza.

Cha tatu, taulo za kike, nepi na vitambaa. Haviozi, na pampu ya gari huvishindwa. Weka pipa lenye mfuniko kila choo na uwaambie wapangaji waziwazi. Kina mama mpe mama mwenzao aseme nao.

Cha nne ni maji ya ardhini, tatizo la kawaida kwenye mabonde na sehemu za chini za pwani wakati wa masika. Baada ya gari kunyonya, pima kina kwa fimbo ile ndefu na uitie alama, zuia matumizi ya choo usiku mmoja, pima tena asubuhi. Kimepanda bila mtu kutumia? Unalipia kunyonya maji ya mvua. Usinyonye tena hadi mvua zipungue isipokuwa kinyesi kinarudi chooni. Shimo la chini kabisa haliponi kwa kuchimbwa zaidi. Linainuliwa: tangi la septiki lililojengewa juu, kuta zisizopitisha maji, na eneo la kunywea lililo juu ya kimo cha maji. Hilo ni la mhandisi.

Onyo: asiingie mtu shimoni, hata dakika moja, hata kuokota ndoo. Gesi ya humo huangusha mtu kabla hajapiga kelele, na anayefuata kumwokoa huanguka juu yake. Usimulike kwa kiberiti, tumia tochi. Shimo lisilojengewa kuta, lililochimbwa kwenye mchanga, lisinyonywe likakauka kabisa, maana uzito wa udongo wa nje hulibomoa. Mfuniko wa zege wenye nyufa, au unaotoa sauti ya utupu mtu akipita, zuia watu kupita juu yake siku hiyohiyo, uani kuna watoto. Na kumwaga shimo kwenye mtaro wakati wa mvua, mtindo unaojulikana mitaa mingi, ni kosa la afya ya umma. Harufu hiyo ndiyo inayomleta bwana afya.

Dalili ya 4: Rangi inabambuka, ukuta una ukungu

Usipake rangi kwanza. Angalia unyevu umeishia wapi. Ukiwa chini, haupiti mita moja, na una unga mweupe wa chumvi, unapanda kutoka ardhini: hakuna nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi, au udongo wa nje umejazwa ukapita kimo cha sakafu. Ukiwa juu, angalia bati, misumari na gata. Ukiwa kiunoni kwenye ukuta unaopakana na bafu, ni bomba au vigae vilivyopasuka. Ukiwa pembeni nyuma ya kabati, na chumba kina dirisha moja lisilofunguliwa, ni jasho la watu na mvuke wa kupikia ndani.

Kama huna uhakika, gundisha kipande cha nailoni ukutani kwa tepu pande zote nne, kiache siku mbili. Maji chini ya nailoni yanatoka ukutani, maji juu yake yanatoka hewani.

Kwa unyevu wa hewani, weka matundu ya hewa juu ya dirisha na ruhusu kupikia nje. Kwa unaopanda, ondoa udongo wa nje hadi uwe sentimita 15 chini ya sakafu, jenga kibaraza cha zege kinachoteremkia nje, bandua plasta hadi sentimita 30 juu ya alama ya unyevu, acha ukuta ukauke wiki kadhaa, halafu piga plasta ya saruji moja kwa mchanga nne yenye dawa ya kuzuia maji. Mchanga uwe wa mtoni, uliooshwa. Wa baharini una chumvi, na chumvi huvuta unyevu tena hata ukuta ukiwa mkavu.

Ufa wa kushuka mshazari kutoka kona ya dirisha, unaopitisha sarafu na unaokua, si kazi ya skimu, ule upako mwembamba wa kulainisha ukuta. Weka alama za penseli kwenye ncha zake na tarehe. Ukisogea ndani ya mwezi, ita mhandisi wa majengo kabla ya fundi rangi.

Dalili ya 5: Chumba kinakaa wazi

Chumba cha 80,000 kikikaa wazi miezi miwili umepoteza 160,000. Ungeshusha 5,000, ungepoteza 60,000 kwa mwaka mzima. Wengi hushindwa hesabu hii kwa sababu hasara ya kwanza haionekani mkononi.

Mara nyingi kinachofukuza watu ni kudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kisha maji yasiyotoka, kisha bei. Mpigie dalali wako kwa namba asiyoijua ujifanye mtafuta chumba: utasikia bei anayotaja, maana wengine huongeza juu, na kama anakuonyesha kwanza nyumba ya mwingine anayemlipa vizuri zaidi. Mpe mpangaji nafasi ya miezi mitatu au mmoja mmoja, na malipo ya mwezi wa dalali uyajue mapema nani anayalipa.

Dalili ya 6: Kodi haijalipwa

Kabla ya barua yoyote, linganisha risiti. Hela nyingi "zisizolipwa" zililipwa kwa mdogo wa mwenye nyumba, kwa msimamizi, au kwa dalali aliyesema atafikisha. Kodi ipokelewe kwa namba moja ya simu au akaunti moja, na jambo hilo liandikwe kwenye mkataba.

Risiti zikithibitisha deni, chanzo cha kawaida si ujeuri, ni kalenda. Bodaboda, mama lishe na kibarua wa ujenzi hawapati mshahara tarehe 28. Ukimdai 480,000 ya miezi sita Januari, mwezi wa ada za shule, unajua jibu. Gawanya: kila wiki 20,000 kwa simu. Watu wanaoshindwa mkupuo hulipa vidogovidogo bila kukwepa.

Cha pili ni mpangaji aliyezuia kodi kwa kinyongo: choo kimeziba tangu mwezi uliopita, au alilipia fundi akaambiwa atarudishiwa. Tengeneza kwanza. Deni linalobishaniwa kwa sababu ya choo kibovu ni gumu kulishinda mbele ya mtu yeyote.

Cha tatu huwashangaza wapangishaji wapya: mpangaji ni kampuni, na amelipa pungufu kwa 10%. Hakukuibia. Hiyo ni kodi ya zuio kwenye pango, anayoipeleka TRA, mamlaka ya mapato, kwa niaba yako. Mdai cheti cha zuio, kitunze, ndicho ushahidi kwamba kodi hiyo imelipwa. Kumpelekea barua ya deni ni aibu isiyo ya lazima. Na mkataba wa namna hii ulipiwe ushuru wa stempu, la sivyo siku ya shauri utasumbuka kuutumia kama ushahidi.

Cha mwisho ni mpangaji asiyekusudia kulipa. Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo mkataba wako ndio utakaosema, pamoja na Sheria ya Ardhi. Fuata mpangilio huu bila kuruka:

1. Barua nakala mbili: kiasi, miezi inayodaiwa, tarehe ya mwisho, na kwamba mkataba utavunjwa. Asaini nakala moja. Akikataa, mjumbe na jirani washuhudie ukikabidhi.
2. Nakala kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kesi nyingi huishia hapa, mezani, kwa mpangilio wa malipo ulioandikwa.
3. Baraza la kata, kwa usuluhishi. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 baraza hilo halitoi hukumu ya ardhi, linapatanisha tu, kwa hiyo usikae huko mwaka mzima ukisubiri amri.
4. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hapa ndipo amri ya kumtoa hutoka, na anayemtoa ni dalali wa baraza, si vijana wako.

Simama, mtafute wakili, ikiwa mpangaji amejenga au kupanua sehemu kwa hela yake, ikiwa nyumba ni ya mirathi ambayo haijagawanywa, ikiwa anadai aliinunua, au ikiwa wewe huna karatasi yoyote ya umiliki. Na usiguse haya hata ukiwa na haki zote: kung'oa bati au mlango, kukata maji na umeme, kubadilisha kufuli, kushika vyombo vya mtu. Ukifanya moja tu, mdaiwa anakuwa mlalamikaji, nawe unaenda kituoni kueleza kitanda cha mtu kilivyolowa mvua.

Dalili ya 7: Amehama, mmebaki mnabishana juu ya uharibifu

Ubishi huu hauna tiba ya baadaye, una kinga ya mapema. Siku ya kuingia tembeeni chumbani pamoja, piga picha kuta, vitasa, swichi, choo na vioo, mtumie zote palepale kwenye simu yake. Rangi iliyofifia na kitasa kilicholegea kwa miaka miwili ni uchakavu, ni wako. Sinki lililopasuka na waya uliokatwa kupeleka umeme kwenye spika ni vyake.

Siku ya kutoka, someni mita ndogo pamoja mkiwa mlangoni, andikeni namba, kateni kwenye dhamana, na kinachobaki mpe siku hiyohiyo kabla pikapiki ya mizigo haijaondoka. Fundi aingie kesho yake kubadilisha kitasa na kukagua flashi kwa rangi ya chakula, kabla dalali hajaleta mtu wa kwanza kuona chumba.